Figo ya Ndugu na Sharti la Dawa

Katika vitabu na fatwa za zama hizi, suala la kupandikiza figo huulizwa kwa kawaida kana kwamba ni suala la siku moja: je, inajuzu kwa Mwislamu aliye hai kukubali mwili wake wenye afya upasuliwe, na kiungo kilichomo kitolewe apewe mwingine? Jibu likishapatikana, nalo kwa wanazuoni wengi wa leo ni kwamba inajuzu kwa masharti, mjadala hufungwa, na yanayosalia, yaani nauli, vipimo, kitanda cha hospitali na dawa za miaka yote inayofuata, huachiwa familia kama mambo ya dunia ambayo hukumu haina haja ya kuyatazama. Hoja inayojengwa hapa inakwenda kinyume na mazoea hayo. Inashikilia kwamba gharama si jambo linalokuja baada ya hukumu, bali imo ndani ya sharti lenyewe la kujuzu, na kwamba jamii inayomsifu ndugu aliyetoa figo yake, kisha ikamwacha aliyepokea akose vidonge, haikumkosea mgonjwa peke yake bali imemkosea pia mtoaji.

Kisiwa cha Fundo kinafaa kuwa kipimo cha hoja hii. Fundo ni kisiwa kidogo kilichoko magharibi ya Pemba, mkabala na mji wa Wete, ambacho watu wake wanategemea zaidi uvuvi na kilimo cha mwani, na ambacho hakiendeki wala hakitokeki ila kwa chombo cha bahari. Mtu anayeandika fatwa Cairo au Jeddah aweza kudhani kwamba dawa ipo katika duka lililo upande wa pili wa barabara. Mtu wa Fundo hawezi kudhani hivyo, na kwa sababu hiyo huliona suala lote, pamoja na ile sehemu ambayo mwenzake wa mjini hulazimika kukumbushwa.

Figo ni viungo viwili vinavyochuja damu, vinavyotoa taka na maji ya ziada kwa njia ya mkojo, na vinavyosaidia kulinda kiwango cha shinikizo la damu. Zinapoharibika kabisa, mara nyingi kwa sababu ya presha au kisukari kilichokaa miaka bila kudhibitiwa, mgonjwa hubaki na njia mbili za kuishi. Ya kwanza ni kusafishwa damu kwa mashine, tiba inayojulikana kama dialisisi, ambayo kwa kawaida hufanywa mara tatu kwa wiki kwa muda wa saa nne hivi kila mara, yaani mara 156 kwa mwaka. Ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Kwa watu wa visiwani dialisisi ilikuwa kwa miaka mingi jambo la Unguja na Dar es Salaam, kiasi kwamba mgonjwa wa kisiwa kidogo aliyehitaji tiba hiyo alilazimika kuhama, na kuhama kwake kulimaanisha kupanga chumba, kumhamisha mtu wa kumuuguza, na kuacha kazi iliyokuwa ikiwalisha wote wawili.

Upandikizaji wenyewe una historia fupi kuliko wengi wanavyodhani, na tangu mwanzo wake ni historia ya jamaa. Mwezi Desemba 1952, katika hospitali ya Necker mjini Paris, mama mmoja alitoa figo yake apewe mwanawe, kijana wa miaka 16 aliyeanguka na kupoteza figo pekee aliyokuwa nayo. Figo ile ilifanya kazi kwa takribani wiki tatu, kisha mwili wa kijana ukaikataa naye akafariki. Miaka miwili baadaye, tarehe 23 Desemba 1954, timu ya Joseph Murray huko Boston ilifanikiwa kumpa Richard Herrick figo ya pacha wake Ronald, na Richard akaishi miaka minane zaidi. Siri ya mafanikio hayo ilikuwa kwamba mapacha wale walifanana kwa kila chembe, hivyo kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kushambulia kila kigeni, haikuona kigeni chochote. Kwa watu wasiokuwa mapacha wa namna hiyo mlango ulifunguliwa na dawa za kushusha kinga, kwanza azathioprini katika miaka ya 1960, kisha siklosporini katika miaka ya 1980, na leo takrolimasi pamoja na wenziwe. Tofauti kati ya mama wa Paris na akina mama wanaotoa figo leo, basi, si mapenzi wala ustadi wa kisu peke yake. Ni dawa. Figo ya mama yule ilikuwa nzima na ilitolewa kwa moyo mmoja, ikafa kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuizuia kinga ya mwanawe isiishambulie.

Katika Tanzania, wagonjwa walikuwa wakipelekwa India hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza mwezi Novemba 2017 kwa ushirikiano na madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwezi Machi 2018 kwa msaada wa wataalamu wa Japani. Mtoaji katika huduma hizi ni mtu aliye hai na aliye jamaa ya mgonjwa. Hapo ndipo ukoo unapoingia hospitali, na fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, nayo inapoitwa.

Pemba, kama sehemu kubwa ya pwani ya Waswahili, imelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii, ingawa Maibadhi nao wamo, na kati ya vitabu vilivyosomeshwa kwa vizazi katika darsa za pwani ni *Minhaj al-Talibin* cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Kitabu hicho, katika mlango wa vyakula, kinajadili hali ya mtu aliyeshikwa na dharura ya njaa asiyepata chochote, hata mzoga, na kinauliza kama yajuzu akate kipande cha mwili wake mwenyewe akile. Imamu Rafii, ambaye kitabu chake Nawawi alikuwa akikifupisha, alielekea kukataza. Nawawi akasahihisha kwa kusema kwamba kauli sahihi zaidi ni kujuzu, kwa sharti kwamba hofu iliyomo katika kukata iwe ndogo kuliko hofu ya kuacha. Lakini papo hapo, kwa maneno machache yasiyo na ufafanuzi, akaongeza kwamba ni haramu kumkatia mtu mwingine, na ni haramu kumkata mtu mwingine ambaye damu yake imehifadhiwa na sheria.

Anayekijua kitabu hiki hawezi kuipuuza hukumu hiyo kwa kusema tu kwamba dunia imebadilika. Washereheshaji walieleza sababu yake: katika mwili mmoja, sehemu yaweza kutolewa ili kuokoa zima, kwa kuwa zima na sehemu ni vya mtu mmoja, lakini baina ya miili miwili hakuna zima la kuokolewa, kuna watu wawili wenye heshima sawa, na hakuna aliye sehemu ya mwenzake. Sheikh Muhammad Mitwalli al-Shaarawi wa Misri, aliyefariki mwaka 1998, alipoupinga utoaji wa viungo, hoja yake ilikuwa na mzizi wa karibu na huo: mwili ni milki ya Mwenyezi Mungu, binadamu amekabidhiwa kama amana, na mtu hawezi kutoa sadaka kitu asichokimiliki. Ajabu ni kwamba Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani asiyekuwa na habari na *Minhaj*, alifika jirani na hapo mwaka 1797 alipohesabu kutoa au kuuza jino ili lipandikizwe katika kinywa cha mwingine kuwa ni kujiua kwa sehemu.

Waliojuzisha hawakuikana heshima ya mwili. Walichofanya ni kuurejea mzani ambao Nawawi mwenyewe aliuweka kwa yule mwenye njaa, mzani wa hofu mbili, na kuonyesha kwamba katika zama za Nawawi kumkatia mwingine kulikuwa ni kuongeza maangamizi juu ya maangamizi, kwa sababu jeraha lenyewe liliua na nyama iliyokatwa haikuweza kuishi mahali pengine. Leo hatari ya mtoaji kufa kutokana na upasuaji imekadiriwa kuwa takribani watu 3 kati ya 10,000, figo inayobaki hukua na kufidia sehemu kubwa ya kazi ya ile iliyotoka, na figo iliyotolewa huweza kuishi ndani ya mwenzake miaka 15 au 20. Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudia lilijuzisha mwaka 1982. Baraza la Fikihi la Rabita, yaani Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, likakutana Makka mwaka 1985 na kujuzisha kwa masharti manne: mtoaji asipate madhara yanayovuruga maisha yake ya kawaida, atoe kwa hiari bila kulazimishwa, upandikizaji uwe ndiyo njia pekee ya kitiba inayowezekana kwa mgonjwa, na mafanikio ya kutoa na ya kupandikiza yawe ni yenye uhakika kwa kawaida au kwa ghalibu, yaani mara nyingi. Baraza la Kimataifa la Fikihi, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, likatoa azimio lake Jeddah mwezi Februari 1988, na humo likakataza kwa hali yoyote kukifanya kiungo cha binadamu kuwa bidhaa.

Wapo wahubiri wanaoipita kazi hii yote ya mizani kwa kusema kwamba waumini ni mwili mmoja, kwa hiyo ndugu anapotoa figo ni sawa na mkono kuusaidia mguu. Kauli hiyo inapendeza mimbarini, lakini katika suala hili ni ya hatari, kwani kama kweli ndugu wawili ni mwili mmoja, basi hakuna haja ya kuomba ridhaa ya mkono. Hata maumbile hayaungi mkono dhana hiyo: watoto wa baba na mama mmoja, kila wawili wao, wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu katika alama za tishu ambazo kinga ya mwili huzitumia kutambua cha kwake na cha kigeni, nafasi mbili kati ya nne ya kulingana nusu, na nafasi moja kati ya nne ya kutolingana kabisa. Tumbo moja laweza kuzaa wageni wawili, na kinachowafanya wawe ndugu kwa maana ya sheria na mapenzi si kile kinachoonekana maabara. Onyo la washereheshaji, kwamba hakuna mtu aliye sehemu ya mwenzake, bado linafanya kazi, na ni vyema libaki likilinda mlango wa ridhaa hata baada ya mlango wa kujuzu kufunguliwa.

Sasa litazamwe sharti la nne la Makka, ambalo ndilo kiini cha hoja hii. Mafanikio maana yake nini? Waliolisoma sharti hili wamelielewa mara nyingi kwa maana ya ustadi wa daktari: je, hospitali ina uzoefu, je, figo itaanza kutoa mkojo mezani? Lakini figo iliyopandikizwa haifaulu siku ya upasuaji. Inafaulu kila siku, kwa sababu kinga ya mwili haisahau, na mgonjwa hulazimika kumeza dawa za kuishusha maisha yote ya figo hiyo. Takrolimasi ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12, na kiwango chake ndani ya damu hupimwa tena na tena, kwa kuwa ikipungua figo hushambuliwa na ikizidi figo hiyohiyo hudhurika kwa sumu yake. Anayekosa dawa kwa wiki chache yumo katika hatari ya kupoteza kila kitu. Kwa hiyo mafanikio ya ghalibu hayawezi kupimwa bila kuuliza ni nani atanunua dawa mwaka wa pili, wa tano na wa kumi, zitanunuliwa wapi, na zitavukaje bahari siku za kusi ambapo vyombo havitoki. Ndugu anapopasuliwa hali hakuna aliyejibu maswali hayo, madhara yake ni ya yakini na manufaa ya mwenzake ni ya kubahatisha, na mzani wa Nawawi unarudi palepale ulipokuwa, yaani kukataza.

Hapa pana pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Ikiwa uwezo wa kupata dawa ni sehemu ya sharti la kujuzu, je, hukumu haitakuwa halali kwa mfanyabiashara wa Mkunazini, mjini Unguja, na haramu kwa mwanamke anayelima mwani Fundo, ambaye kilo ya mwani wake mkavu imekuwa kwa miaka mingi ikinunuliwa kwa mamia tu ya shilingi? Pingamizi hili lingesimama kama gharama ingekuwa ni jukumu la mgonjwa peke yake. Lakini fikihi haisemi hivyo, na aliyedhani kwamba inasema hivyo ameisoma nusu. Sharti la dawa halimfungii maskini mlango. Linaugeuza mzigo uwaelekee watu wengine na kuwauliza kama wamekwisha kufanya lililo juu yao.

Wa kwanza kuulizwa ni jamaa wa nasaba. Katika madhehebu ya Shafii, nafaka, yaani matumizi ambayo sheria inamlazimisha mtu kuyatoa, ni wajibu kwa wazazi na kwenda juu, na kwa watoto na kwenda chini, pale anayedaiwa ana uwezo na anayedai hana. Ndugu wa tumbo moja hawamo katika wajibu huo, tofauti na Mahanafi wanaopanua duara. Washereheshaji wa *Minhaj* walisema kwamba nafaka ya jamaa ni ya kutosheleza haja, na wakaingiza humo ujira wa tabibu na bei ya dawa. Kuhusu mke walisema kinyume: mume anadaiwa chakula, mavazi na makazi, lakini si dawa wala ujira wa tabibu, kwa hoja kwamba nafaka yake inafanana na malipo ya mkataba. Wahba al-Zuhayli wa Syria, katika zama zetu, aliona kwamba haja ya dawa leo ni sawa na haja ya chakula na kwamba mume hana budi kumtibu mkewe, naye alisema kweli. Vinginevyo ingetokea kwamba mke atoe figo yake kumpa mume, jambo linalotendeka, kisha akiugua yeye aambiwe kwamba dawa zake hazimo katika mkataba.

Matokeo ya mpangilio huu yanashangaza kidogo. Ndugu, ambaye madhehebu haimlazimishi hata kumnunulia nduguye kidonge kimoja, ndiye mara nyingi anayeombwa figo. Na baba mwenye shamba la mikarafuu, ambaye dawa zimo shingoni mwake kwa wajibu, husifiwa akitoa mchango kana kwamba ametoa sadaka. Mtu akitoa asichodaiwa, kinachostahiki ni wenye kudaiwa watoe wanachodaiwa kabla ya kisu, si baada yake.

Pale jamaa wanapoishiwa, na Fundo wanaishiwa upesi, inakuja zaka. Hapa tena *Minhaj* ina jambo lisilotajwa vya kutosha. Rafii alisema fakiri na maskini wapewe kinachowatosha kwa mwaka mmoja. Nawawi akasahihisha tena, akisema kwamba kauli sahihi zaidi, iliyo kauli ya Imamu Shafii mwenyewe na ya wengi, ni kwamba wapewe kinachotosha umri wa kawaida uliobaki, ikiwa ni pamoja na kununuliwa mali isiyohamishika wale pato lake. Kauli hii, iliyoandikwa karne ya 13, inamfaa mgonjwa wa figo kuliko ilivyomfaa mtu yeyote wa zama zile, kwa kuwa haja yake ni ya umri, si ya mwaka wala ya Ijumaa moja ya mchango msikitini. Zaka inayogawiwa kwa mafungu madogo ya noti mwezi wa Ramadhani haifiki hata mlangoni pa haja hiyo. Kinachofika ni kitu chenye pato la kudumu, na Zanzibar ina mila ndefu ya wakfu, yaani mali inayozuiliwa isiuzwe wala isirithiwe ili pato lake litumike katika heri. Mikarafuu na nyumba zimewekwa wakfu kwa misikiti na kwa vizazi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo kisheria kuzisimamia. Mikarafuu peke yake haitoshi, kwa sababu huzaa sana mwaka mmoja ikapumzika mwingine, wakati dawa haina mwaka wa kupumzika. Wakfu wa namna hii ungehitaji nyumba ya kupangisha au akiba inayovusha miaka mibaya. Kusitasita kuuanzisha kwa hoja kwamba wakfu ni wa misikiti ni kuifanya mila kuwa nyembamba kuliko ilivyopata kuwa.

Serikali nayo imo katika hesabu. Zanzibar ilitangaza matibabu bila malipo mwaka 1964, na mwaka 2023 ikaanzisha Mfuko wa Huduma za Afya ambao umeanza na watu wa ajira rasmi. Mvuvi hana mwajiri wa kumkata mshahara, na kwa hiyo watu wa Fundo walio wengi watafikiwa na mfuko kwa njia nyingine au hawatafikiwa. Katika lugha ya fikihi, tiba ya mtu ambaye atakufa kwa kuikosa ni fardhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima ambao wakiutekeleza baadhi huwaondokea wote, na wakiuacha wote hupata dhambi wote wenye uwezo. Baraza la Kimataifa la Fikihi, katika kikao chake cha mwaka 1992, lilisema kwamba kujitibu kunakuwa wajibu pale kuacha kunapopelekea kupotea nafsi, na hivyo likapita kauli ya zamani iliyohesabu tiba kuwa sunna kwa sababu manufaa yake hayakuwa na hakika. Kama mgonjwa amewajibishiwa kujitibu, haiingii akilini kwamba wanaoizunguka dharura yake hawakuwajibishiwa kitu.

Mchango wa hiari, ambao ndio njia inayotumika zaidi, una adabu zake. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Qabisa bin Mukhariq, Mtume alitaja watu watatu ambao kuomba kumehalalishwa kwao: aliyebeba dhamana ya deni kwa ajili ya suluhu, aliyepatwa na janga likafuta mali yake, na aliyefikwa na ufukara wakashuhudia hilo watu watatu wenye akili katika kaumu yake. Sharti hilo la mashahidi halikuwekwa kumdhalilisha mwombaji, maana ushahidi wa watu wake humwondolea haja ya kujieleza nyumba kwa nyumba. Sheha na imamu wanaposimama kumwombea mgonjwa wa shehia yao wanatekeleza jambo lenye asili hiyo. Lakini michango mingi hukusanywa kwa ajili ya upasuaji peke yake, kwa sababu upasuaji una tarehe na una jina la hospitali, wakati dawa za mwaka wa sita hazina tarehe. Na familia inayokopa ili kujaza pengo hilo hujikuta ndani ya deni ambalo litalipwa na mirathi kabla warithi hawajapata kitu.

Mtoaji naye ana hesabu yake ambayo husahaulika. Kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji haruhusiwi kunyanyua kizito, na kwa mvuvi hiyo ina maana ya kutovuta nyavu wala kusukuma mashua, kama ilivyo kwa mama wa mwani kutobeba magunia yaliyorowa. Anahitaji pia kupimwa presha na kazi ya figo yake kila mwaka. Kumfidia nauli, vipimo na kipato alichopoteza si kununua figo: azimio la Jeddah lililokataza biashara liliacha kwa ijtihadi, yaani juhudi ya wanazuoni kutafuta hukumu, suala la mali inayotolewa na mnufaika kwa dharura au kwa heshima, na Azimio la Istanbul la mwaka 2008, lililotolewa na wataalamu wa dunia dhidi ya biashara ya viungo, nalo linatenganisha malipo ya kiungo na kurejesha gharama. Anayekataza hata fidia ya siku za kazi kwa kuogopa harufu ya biashara humwachia maskini heshima ya kutoa na njaa ya baada ya kutoa.

Biashara yenyewe ipo, na haiko mbali. India iliweka sheria mwaka 1994 iliyofanya jamaa wa karibu kuwa watoaji wa kawaida, na wageni wanaokwenda huko hutakiwa kuthibitisha udugu wao kupitia ubalozi. Oman, ambako upandikizaji ulianza mwaka 1988, imeshuhudia raia wake wakinunua figo nje. Iran imechagua kulipa watoaji chini ya usimamizi wa dola. Na mwaka 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha huduma za upandikizaji katika hospitali moja ya Eldoret kufuatia tuhuma za kuuza figo za vijana maskini. Panapokosekana dawa na fidia kwa njia ya haki, soko halikawii.

Linabaki suala la hiari, ambalo ni gumu zaidi ndani ya familia kuliko sokoni. Ghazali na wanazuoni wengine wa Kishafii walifundisha kwamba kinachochukuliwa kwa upanga wa haya ni kama kilichochukuliwa kwa upanga wa unyang'anyi, yaani mali aliyoitoa mtu kwa kuona haya mbele ya watu, moyo wake ukikataa, si halali kwa aliyeipokea. Ikiwa hivyo ndivyo katika mali, itakuwaje katika figo, pale ukoo mzima umekaa barazani na macho yote yamemwelekea dada asiyeolewa ambaye kundi lake la damu limelingana? Duniani wanawake hutoa figo zaidi ya wanaume, na si rahisi kuamini kwamba sababu yake ni upendo tu. Daktari anayemwona mtoaji faragha, na akiona kusita akaiambia familia kwa kifupi kwamba hafai kutoa bila kutaja sababu, anamsitiri mtu kwa njia ambayo Ghazali angeitambua.

Hata hiari iliyo safi huacha kitu nyuma yake. Renée Fox na Judith Swazey, watafiti wa Kimarekani waliochunguza maisha ya wagonjwa hawa, waliandika mwaka 1974 kuhusu ukandamizaji wa zawadi isiyoweza kulipwa, jinsi mpokeaji anavyojiona mdeni wa milele na mtoaji anavyoanza kuingilia anachokula na anayemwoa. Waswahili wana jina la kale la maradhi haya, masimango, na Kurani inaeleza kwamba sadaka hubatilishwa na masimbulizi na maudhi. Zawadi ikishapokewa, katika madhehebu ya Shafii, mtoaji hawezi kuirudia, isipokuwa mzazi aliyempa mwanawe. Na haihitaji kusemwa kwamba ruhusa hiyo ya mzazi haivuki kuingia tumboni mwa mtu. Hata hivyo masimango mengi huzaliwa na fedha kuliko na figo. Ndugu aliyetoa figo, kisha akalazimika pia kuuza mashua yake kwa ajili ya dawa kwa kuwa wengine wamejitoa, atasema, na ni vigumu kumlaumu anaposema. Dawa zinapotoka kwa wenye kudaiwa, kwa zaka na kwa wakfu, anabaki na jambo moja tu alilolitoa kwa ajili ya Mungu, na mpokeaji anaweza kumwangalia usoni.

Hesabu ya gharama huingia hata katika ibada. Mchana wa kufunga Pemba, tangu alfajiri hadi magharibi, unazidi saa kumi na tatu, kwa hiyo dawa ya kila saa 12 haiwezi kukaa sawasawa baina ya daku na futari. Anayeambiwa na tabibu mwaminifu asifunge, na maradhi yake hayatarajiwi kwisha, hutoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Vibaba thelathini vya mchele ni kitu kidogo kwa wengi, lakini ni mzigo kwa mgonjwa ambaye tayari amekwisha kuuza alichonacho, na hapo baadhi ya Mashafii wamesema kwamba akishindwa wajibu huo humwondokea.

Figo ya ndugu, hata ikitunzwa vyema, haidumu milele. Aliyepandikizwa akiwa na miaka 30 aweza kuhitaji nyingine kabla hajafika 50, na hapo ndugu wa pili ataombwa katika nyumba ambayo wa kwanza alikwisha kutoa. Masharti manne yatalazimika kutazamwa upya moja baada ya moja, wala sifa za wa kwanza hazitakuwa hoja juu ya wa pili. Na ndugu huyo wa pili atakuwa na haki ambayo wa kwanza hakuwa nayo: kuuliza, kabla hajajibu ndiyo au la, figo ya kwanza ilikufa kwa umri wake au ilikufa kwa kukosa dawa, na kama ni kwa kukosa dawa, ni nani kati ya waliokaa barazani alikuwa akidaiwa kuzinunua.